Kasi Isiyothibitika

Hapo hospitalini walimwita Kasi, na jina hilo hakulikataa. Ndiye aliyeandika programu ya kubadilishana figo: ya ndugu yako isipokufaa, huenda ikamfaa mgonjwa mwingine, na ya ndugu yake ikakufaa wewe. Majibu yalikuwa sahihi, ila yalikuja kwa kujikokota.

Kasi akaiharakisha. Kisha akaiharakisha tena. Kila alipoigusa ilibidi ijaribiwe upya tangu mwanzo, na wagonjwa wanasubiri. Daktari mkuu, mama asiyependa maneno mengi, akamtaka alete moja tu, iliyo bora kupita zote, pamoja na uthibitisho kwamba hakuna itakayoishinda.

Kasi akalivalia njuga. Akaandika programu ya kutafuta programu bora. Ikanguruma siku nenda siku rudi bila kutoa hata neno. Mdogo wake wa kiume, aliyetunza kompyuta za hospitali hiyo, akamuuliza bila kucheka:

"Dada, na hii ya kutafuta, una hakika ndiyo bora?"

Kasi alirudi kwenye vitabu vyake vya chuo. Kumbe jambo lilishathibitishwa zamani: hakuna njia moja inayoweza kupewa programu yoyote ile ikasema kwa hakika kwamba hii haipitiki kwa kasi. Tena yapo maswali yasiyo na programu bora kabisa. Uandike utakayoandika, ipo inayoipita. Alijisikia ametuliwa mzigo na kuzabwa kofi kwa pamoja.

Akaizima ile ya kutafuta, akaenda kwa daktari mkuu.

"Daktari, uthibitisho sina, na huenda nikastaafu sina. Ninachojua ni kwamba yangu haikosei, na inajibu kabla chai haijapoa."

"Ya haraka zaidi ipo?"

"Huenda."

"Basi na ikae huko iliko. Hii usiiguse."

Haikupita wiki, programu ikapata wa kubadilishana. Mwalimu wa chekechea akapewa figo ya mume wa mshonaji, na mshonaji akapewa ya dada wa mwalimu. Kasi alikwenda kuwajulia hali wodini. Mshonaji alikuwa amelala. Mwalimu alimshika mkono, akaushikilia kitambo, halafu akalalamika kwamba uji hauna sukari.

Akiteremka ngazi, Kasi akaiona kichwani njia ya mkato, safi kabisa, ya kuipunguzia programu nusu ya kazi. Akasimama. Kisha akaendelea kuteremka.