Goti Lisilo na Mwenyewe

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilisifiwa mara moja tu nikamwaga mtungi mzima. Nianze kwa kukiri kosa langu kabla sijawatukana wengine, maana nitawatukana.

Mimi ni fundi wa miguu ya bandia. Karakana yangu ina chumba kimoja, meza mbili, jiliwa la kubania kazi alilonirithisha baba, na miguu inayoning'inia ukutani mpaka watoto wa jirani wakija kusalimia huogopa kuingia, husalimia kutoka mlangoni. Nilihangaika miaka minne kutafuta goti lisilokunjika ovyo mtu akikanyaga mteremko. Nikalipata. Halafu akaja bwana mmoja wa kampuni, tai imembana shingo, akaniambia nina akili kuliko wahandisi wake wote. Basi! Nikamfungulia goti lote juu ya meza. Akapiga picha, nami nikamsogezea taa aone vizuri. Jamani, taa!

Miezi miwili baadaye alirudi na makaratasi. Kampuni ilikuwa inasajili hataza ya lile goti Jumatatu inayofuata. Nikitia saini, nitapata changu na jina langu litatajwa. Baada ya hapo hakuna atakayeruhusiwa kulitengeneza bila kibali chao.

"Hata mimi?" nikamuuliza.

"Hata wewe, mama. Ila tunaweza kukuajiri."

"Na la mdogo wangu likivunjika?"

"Atanunua kwetu."

"Nisiposaini?"

Bwana Tai akatabasamu. "Tutasajili vilevile. Picha tunazo."

Mdogo wangu alikuwa amekaa pale pale kwenye benchi, ananisubiri nimbadilishie mpira wa goti. Ni mwalimu wa darasa la kwanza, na darasa lake liko ghorofa ya tatu. Goti la dukani lilimwangusha kwenye zile ngazi mara mbili. Mara ya pili aliamka hana jino la mbele. Goti langu nililitafuta kwa ajili yake, si kwa ajili ya mtu mwingine. Nampenda yule mtoto kuliko nafsi yangu, ingawa mdomo wake hauna breki.

"Dada," akasema Tai alipoondoka, "huyo kakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nawe ukamshikia chupa."

Nikamwambia anyamaze. Kisha nikalia, kwa hasira, si kwa huzuni. Mshahara wake wa mwaka mzima usingenunua goti moja la kampuni ile. Angerudi kwenye zile ngazi na goti la kumwangusha, na mimi fundi, dada yake, ningekuwa namtazama tu kama askari wa sanamu. Ng'o! Hilo lisingetokea nikiwa hai.

Nina mteja mmoja, karani wa mahakama, mguu wake wa kushoto ni kazi ya mikono yangu. Kesho yake, Jumatano, nikamfuata kazini na makaratasi ya Tai. Akayasoma mara mbili.

"Fundi, hataza hutolewa kwa kitu kipya," akasema. "Kitu kikishatangazwa hadharani kabla ya kusajiliwa, si kipya tena. Hakuna wa kukimiliki. Chora goti lako, eleza kila hatua, peleka nakala maktaba ya umma wagonge muhuri wa tarehe. Halafu waonyeshe mafundi wengi, waone kwa macho yao na watie saini. Yote kabla ya Jumatatu."

"Kisha litakuwa langu?"

"Hapana. Halitakuwa la Tai wala lako. Litakuwa la kila mtu."

Nisiwadanganye, roho iliniuma. Miaka minne! Nikawafikiria mafundi wote wa mji huu, hasa Msumari, yule mrefu mwembamba mwenye karakana ng'ambo ya barabara. Tulikuwa hatusalimiani mwaka wa kumi huo, tangu nilipomkuta anachungulia dirishani kwangu. Sasa nimfungulie mlango? Nilizunguka meza yangu mara sijui ngapi. Mwishowe nikajiuliza swali moja tu: nani apande zile ngazi bila kuanguka? Nikavuka barabara.

"Njoo Jumamosi asubuhi," nikamwambia Msumari. "Nitaonyesha goti langu, mwanzo hadi mwisho."

Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Unaumwa?"

"Naumwa na wewe kila siku. Njoo."

Jumamosi walikuja mafundi kumi na watano: maseremala, wachomeleaji, wawili wa hospitali, na Msumari amejikalia mbele kabisa kama bwana harusi. Mdogo wangu alikaa mlangoni akiwaandikisha majina na saa ya kuingia. Mchomeleaji mmoja alipotia saini ya kukoroga, akamrudisha aandike upya. Karani alichora kila hatua niliyoitaja.

"Leo unamwaga mtama kwenye kuku wengi," akasema Msumari.

"Basi donoa, na ufunge mdomo."

Nikawaonyesha bomba la plastiki linavyopashwa moto na kubanwa. Nikawaonyesha mpira wa tairi unavyokatwa ili uurudishe mguu mbele. Kazi ikanoga, wakawa wanauliza, nami najibu. Nikafika kwenye tundu la mwisho, la kupitishia pini, ambalo ndilo goti lenyewe. Nikachukua keekee, nikatoboa, nikawageukia na kuwainulia kazi iliyokamilika.

Msumari akainua mkono kama mwanafunzi.

"Dada," akasema Msumari, "mgongo wako tumeuona vizuri. Sisi tulifuata tundu."

Walicheka mpaka miguu ikatikisika ukutani. Haki ya nani, sikujua kama nilikuwa nimegeuka! Baba akifika hatua ya mwisho alikuwa anageuza mgongo, hata kwangu mimi binti yake. Ndivyo mafundi sote tulivyofunzwa: hatua ya mwisho ni ya mwenye karakana. Baba alijua kuchemsha ngozi ya kuvalia mguu ikawa laini isimchubue mtu, na siri ile alikwenda nayo kaburini. Mpaka leo wateja wangu wanachubuka. Nilisimama pale na keekee mkononi, aibu imenijaa, nikimchukia baba kidogo na kumlilia kidogo.

"Sogeeni," nikasema. "Nyote. Msumari, njoo hapa mbele yangu."

Nikafunga bomba jingine kwenye jiliwa. Nikaweka alama waione: tundu haliwi katikati, linarudi nyuma upana wa ukucha wa kidole gumba. Uzito wa mtu ukishuka mbele ya pini, goti linajifunga lenyewe. Ni hivyo tu. Miaka minne yangu ilikuwa upana wa ukucha. Nikampa Msumari keekee atoboe lake, naye akampa wa nyuma yake, na hakuna aliyetoka bila kutoboa.

Kabla ya saa sita karani na mimi tulikuwa maktaba. Bibi wa pale akagonga muhuri kila ukurasa bila hata kuuliza ni nini. Nakala moja nikaibandika mlangoni kwangu.

Jumanne Tai akaja, habari zimeshamfikia, uso umemwiva kwa hasira. "Umejiharibia maisha, mama. Ungekuwa tajiri."

Nikabandua ile nakala mlangoni nikampa. "Chukua. Ni bure. Na nyie tengenezeni mkitaka."

Alisimama, akaitazama. Kisha akaikunja, akaitia mfukoni, akaondoka nayo.

Mwaka haujaisha, mdogo wangu akaingia karakana siku moja, nami nikajua kuna jambo kabla sijainua kichwa. Hatua zake nazijua. Ncha ya kiatu chake cha kulia hukwaruza sakafu kila anapouvuta mguu. Siku ile haikukwaruza.

"Usinikasirikie," akasema. "Nimefungiwa goti la Msumari."

"La Msumari?"

"Ni lako, lakini kaliongeza. Dada, siku hizi napanda ngazi bila kushika ukuta."

Nikamvua mguu, nikaufungua mezani. Pale penye pini yangu moja Msumari aliweka nne na vyuma viwili, ili mguu ujifupishe unapopita hewani. Nilitafuta kosa. Nilitafuta kwa bidii yote ya mtu mwenye wivu, sikuliona. Lilikuwa zuri kuliko langu.

"Kaa hapo na huo mmoja," nikamwambia. "Narudi."

Nikavuka barabara nimelishika goti mkononi. Msumari aliponiona akaweka chini tupa ya kukwangulia chuma, akarudi nyuma hatua moja.

"Umekuja kunigombeza?"

"Pini ya tatu sijaielewa," nikasema. "Umeipimaje?"

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumwambia fundi mwenzangu kwamba sijaelewa. Akafuta stuli kwa kitambaa, akaniambia nikae.