Meno ya Plastiki

Watu wote wa Misiera, huko kambini kwa wakimbizi, walimjua Patient kwa mdomo wake. Aliuza kandambili, na hata mteja aliyeuziwa mguu wa kushoto mkubwa kuliko wa kulia aliondoka anacheka. Lakini asubuhi hiyo mdomo ulimkauka. Binti yake Eliane, mtoto wa miezi mitano, alikuwa anaharisha tangu juzi, macho yamedidimia, na pale uani Mama Sidonie, mchimba meno, alikwisha kuchuchumaa mbele ya jiko akichoma spoku ya baiskeli.

"Kuja uone," mama yake Patient, Constance, alimwita, huku akiinua mdomo wa mjukuu kwa kidole gumba. "Fasi hii. Inakuwa nyeupe. Ni meno ya plastiki, njo ile inamuharisha. Tukichelewa inamumaliza."

Patient akapapasa. Kweli, kwenye ufizi wa juu, upande huu na huu, palikuwa na vinundu vigumu.

Orpa, mkewe, akamvuta mtoto kifuani na kumziba kinywa kwa titi. "Mama, hapana. Huyu hachimbwi."

"Na bwana yako hatukumuchimba? Patient, fungula kinywa!"

Hakukuwa na haja ya kukifungua. Kila mtu aliyajua yale mapengo mawili juu, pembeni mwa meno ya mbele. Mwenyewe alizoea kuwaambia wateja kwamba meno hayo yalishapata ndege ya Kanada, yeye bado anangoja zamu yake.

"Nilikuchimba, na uko hai," Constance alisema.

Hapo ndipo penye shida. Alikuwa hai kweli, tena mnene na mwenye kelele. Mtu atabishaje?

"Spoku inapoa," alisema Mama Sidonie. "Baba wa mutoto akuje kushika kichwa."

Kazi ya kushika kichwa ni ya baba, siku zote. Wote wakamgeukia Patient.

"Nitamushika," alisema. "Lakini daktari wa hospitali ya Mbarara aangalie kwanza. Akisema ni plastiki, nitamushika mimi mwenyewe."

Alitaka tu kupata upenyo. Kabla hajamaliza kusema, akajuta. Je, daktari akisema ndiyo?

Orpa akambeba mtoto, wakashika njia ya mjini. Constance aliifunga spoku kwenye kona ya kitenge na kuwafuata.

Njia nzima Eliane alikuwa analialia. Walipofika Ruti, mwanzo wa mji, akanyamaza. Orpa akamgonga-gonga shavuni.

"Amelala," Patient alisema, na hakuna aliyemwamini, hata yeye mwenyewe.

Katika wodi ya watoto, Daktari Kabera hakuuliza mambo ya meno. Alitafuta mshipa kwanza. Alikosa mkononi, akakosa na mguuni, akaupata kichwani, huku Patient amekishika kichwa hicho kwa mikono miwili. Dripu ikaanza kudondoka.

Ndipo Constance akafungua kona ya kitenge. "Sasa utoe ile meno, docteur. Ya plastiki."

Kabera aliitazama ile spoku, kisha akavaa glavu na kupitisha kidole kwenye ufizi wa mtoto.

"Nyabo, mama, hii si plastiki. Hii ni chonge, jino ya kweli, bado iko chini ya nyama. Sasa ni laini kama mahindi mabichi, ndiyo maana mkichimba mnatoa kitu nyeupe. Na ndani kabisa, ile ya ukubwa inaanza kujitengeneza. Waya yenu inaua yote mbili. Inaleta damu, inaleta uchafu, mtoto anakufa, halafu mnasema mlichelewa."

"Na kuharisha?" Patient aliuliza.

"Hiyo ni ya tumbo, ssebo, bwana. Jino mmeisingizia tu."

Ulimi wa Patient ukaingia wenyewe kwenye pengo.

"Huyu wangu nilimuchimba," Constance alisema, "na akapona."

"Alipona mara mbili, nyabo. Akapona tumbo, akapona na waya yenu."

Constance alikaa kitandani, akaomba apewe mtoto, akampakata bila kugusa ule mpira wa dripu. Orpa alisimama karibu kana kwamba mtu angekimbia na mtoto. Patient alitazama kifua cha Eliane. Kikipanda, alivuta pumzi. Kikichelewa, naye alichelewa. Adhuhuri ikapita hivyo, hakuna aliyekula.

Ghafla Constance akaruka. "Yoo! Ananikojolea!"

Kabera aligeuka kutoka kitanda cha jirani. "Amekojoa? Nyingi?"

"Mingi! Hata mu kitenge inaingia!"

"Mungu asifiwe. Maji inaanza kukaa mwilini."

Orpa akaketi sakafuni, akalia waziwazi. Alipojifuta, alinyoosha mikono. "Mulete, mama, nimubadilishe. Unalowa."

Constance akamkumbatia mtoto, mkojo ukimtiririka hadi kwenye kandambili.

"Umuache," alisema. "Akojoe tena."