Mawe Matatu Kutoka Kwenye Duara

Kijiko kiligonga kikombe, kikanyamaza, kikagonga tena. Adhana ya alfajiri ilikuwa bado. Niliinuka kwenye godoro, nikamkuta mjukuu wangu Fidel jikoni, anakoroga chai iliyokwisha kupoa.

"Utatoboa kikombe cha Joy," nikamwambia. Joy ni dada yake. Ndiye aliyenialika Jidda, hapa kwake Sharafiya.

Hakucheka. "Nyanya, Cliff anafukuzwa kazi kwa kosa langu."

Fidel anaishi Suwaidi, kule Riyadh. Yeye na Cliff huwaendesha watafiti hadi jangwani, kwenye duara za mawe zilizopangwa na watu wa kale. Safari iliyopita gesi iliwaishia. Fidel akatoa mawe matatu kwenye duara, akawasha moto humo humo, akasonga ugali. Kwetu anayehama huacha mafiga yake, na mpita njia hupikia bila kuomba. Hayo aliyapata jikoni kwangu. Sasa Daktari Hanan, mkuu wa watafiti, ameona masizi kwenye picha, na zamu ya kupika ilikuwa ya Cliff.

"Nikisema, kafili, huyo mwajiri aliyenidhamini, atafuta ikama yangu, kibali cha kuishi huku."

"Na usiposema?"

Akakoroga tena.

Daktari alikuwa Jidda kwa mama yake. Fidel ndiye aliyemleta kwa gari kutoka Riyadh. Jua lilipopanda tukaenda huko. Njia nzima alikuwa akipangusa viganja kwenye suruali.

Mama mzee alitufungulia mwenyewe. Aliona ninavyochechemea, akanisogezea kiti chake, yeye akakaa kwenye zulia. Fidel alisema yote akiwa amesimama, kwa Kiingereza, ninachokisikia lakini sikisemi.

"Ugali?" Daktari akauliza. "Ndani ya duara?"

"Ndiyo, madam. Si Cliff. Ni mimi."

"Unajua duara zile zilikuwa za nini?"

"Sijui, madam."

"Hata mimi! Makaburi, nyumba, zizi la mbuzi, miaka yote hii nabahatisha. Nilitumaini jivu lao lingenieleza. Sasa lako limechanganyika nalo!"

Akaenda dirishani, akarudi, akaenda tena. Nikamwomba Fidel anisemee kwamba yeye alidhani wenye mawe walishahama.

Daktari akasimama. "Labda walihama. Hata hilo sijui."

Akapiga simu. Nikasikia jina la Cliff, kisha "mafi mushkila", yaani hakuna tatizo. Fidel akafumba macho.

"Cliff anabaki," Daktari akasema. "Wewe, jangwani halas, basi. Kazi ya mjini nitaongea na kafili wako. Sitoi ahadi."

Tukaaga. Mlangoni Fidel hakujua aweke wapi mikono. Yule mama akanifungia tende kwenye kitambaa, akanishika mkono na kusema kitu kirefu kwa Kiarabu huku akimtazama binti yake. Daktari akageuza uso, lakini hakumkatiza.

"Anasemaje?" nikamuuliza Fidel.

"Anauliza huo ugali ukoje. Anasema urudi, Nyanya, umpikie. Na mimi ndiye nikulete."