Mzee Saning'o Amefuzu

Katika wagonjwa sita wa kisukari aliokuwa akiwafundisha kujihudumia, Sista Skolastika alimpenda mmoja tu, na alimpenda kwa sababu hakumchosha. Wengine walikuwa kazi. Kulikuwa na mama wa Sekei aliyefumba macho kila alipoona sindano, na mwalimu mstaafu aliyebisha kuhusu ndizi kila siku aliyopewa nafasi. Lakini Mzee Saning'o wa Olmotonyi, aliyekatwa mguu wa kushoto chini ya goti, alijichoma insulini tumboni siku ya kwanza bila hata kukunja uso. Alisema amechoma ng'ombe sindano miaka arobaini, tumbo lake halimtishi.

Sista alimshukuru Mungu. Miaka kumi na tisa katika wodi ya utengamao alikuwa akirudia maneno yale yale: pima, choma, kula kwa kiasi, kagua unyayo. Alichoka uchovu ule ambao likizo haiuondoi. Basi akamwambia mzee kwamba ni kama ng'ombe wake tu, ila sindano ni ndogo. Wakacheka wote wawili, na somo la siku nne likaisha asubuhi moja. Kwenye fomu akaandika: amefuzu.

Na alijua fika kilichokuwa hatarini. Mguu wa kulia wa mzee ulishaanza kufa ganzi. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba sukari ikipanda tena huko nyumbani, na huo utakatwa. Lakini mazoea yana taabu, na mtu aliyechoka humwamini haraka anayejua.

Ijumaa, siku ya kuruhusiwa, mkewe Nasieku alikuja kumchukua. Zamu ya Skolastika ilikuwa imekwisha. Alipita kuaga tu, mkoba begani. Akawakuta wawili hao wanaongea Kimaasai kwa furaha, akauliza kwa adabu tu kuna habari gani njema.

"Anasema bado siku tatu tu za sindano," Nasieku akajibu, "halafu arudie chai yake ya sukari."

Skolastika akaushusha mkoba.

"Baba, nani amekuambia siku tatu?"

"Si wewe, sista?" Sauti ya mzee haikuwa na ugomvi. "Ulisema ni kama ng'ombe. Ng'ombe mwenye ndigana akianza kula, mimi namalizia siku tatu, naacha. Leo mmenipima, sukari iko sawa. Na mguu ulioharibika si mlishaukata?"

Skolastika aliona aibu mpaka masikio yakamchemka. Mzee alikuwa wodini wiki ya tano. Daktari alidhani muuguzi amemwambia, muuguzi alidhani daktari amemwambia, na mtaalamu wa mazoezi alishughulika na magongo. Mzee wa watu alikuwa ameutoa mguu wake akiamini umeondoka na ugonjwa.

Akamwambia. Alimwambia polepole, bila kumtaja ng'ombe, kwamba kisukari hakiko mguuni bali mwilini mote, na kwamba sukari imetulia kwa sababu ya sindano. Akiacha, itapanda. Atachoma kesho, na mwaka kesho, na Pasaka zote atakazojaliwa kuziona.

Nasieku akaketi ukingoni mwa kitanda. Mzee aliutazama mguu uliobaki, akautazama sana.

"Kwa hiyo sitapona."

"Hutapona, baba. Utaishi nacho."

Skolastika alingoja mzee akasirike, na moyoni alitamani akasirike, maana alistahili kukasirikiwa. Mzee alivua kofia aliyokwisha kuivaa kwa safari, akaiweka juu ya mto.

"Basi nifundishe tena," akasema. "Ile mara ya kwanza nilikuwa nasikiliza kama mtu anayeondoka."

Skolastika akavuta kiti, akaomba mguu wa kulia, akaanzia kwenye unyayo.