Ua Badala ya Msalaba

Yotham alikuja Nsemulwa kumwambia shemeji yake Pelagia kwamba ameuza kilima cha Kasokola, kaburi la mtoto wa Pelagia likiwa humo humo. Alisema huku akitafuna karanga za mwenyeji wake.

"Mnunuzi, Mabula, ameshakata miti, kesho analima. Amekubali kuacha kipande cha mtoto. Wewe nenda ukamwoneshe tu."

Ukamwoneshe tu! Kitoto kile kilizaliwa kimya, na kwa kuwa hakikubatizwa, ukoo wa mumewe ulikinyima msalaba. Jiwe lingepotea katikati ya mawe ya kilima. Ndipo Pelagia, maziwa yangali yakimtoka bure, alipoleta tangawizi-pori kutoka kwao Inyonga akaipanda pale. Moto wa kiangazi ungepita juu, mzizi ungelala chini, na mvua za kwanza zingetoa ua la zambarau. Kilimani kote haikuwepo nyingine. Mume alipofariki, Yotham na ndugu zake wakamfukuza, naye hakukikanyaga tena kilima kile.

Asubuhi alipanda kilimani na Yotham, wakamkuta Mabula na maksai wake wakingoja.

"Shikamoo, mama. Tafuta tu, sisi tupo."

Aliliona ua la zambarau kando ya mwamba. Maua ya rangi hiyo yapo mengi porini, kwa hiyo hakuyaamini macho. Alifukua kwa vidole, akavunja kipande cha mzizi, akanusa. Tangawizi. Akapiga magoti kwa furaha.

"Mwanangu," alisema kwa sauti, kwa mara ya kwanza.

"Na yale kule?" Yotham akauliza.

Alikwenda, akavunja, akanusa. Tangawizi. Akasogea kwa jingine, na jingine. Hadi bondeni, kila penye ufa kati ya mawe palikuwa na zambarau. Miaka yote tangu afukuzwe, mzizi ulikuwa ukitambaa chini kwa chini na kuzaa.

"Sasa ni lipi, mama?" Mabula aliuliza, kofia mkononi.

"Yote."

Yotham akacheka. "Kilima kizima, shemeji? Si kimeshauzwa!"

Pelagia alimchukia kwa moyo wake wote. Kisha akanyoosha kidole kando ya mwamba, popote tu, maana alitakiwa kunyoosha. Mabula akapigilia vigingi kwa heshima, akawazungusha maksai mbali navyo.

Pelagia akabaki amesimama kwenye kipande chake, huku jembe likipasua kilima, na harufu ya tangawizi ikipanda kutoka kila tuta.