Kipande Kisichochimbwa

Waruguru alisikia wimbo kabla hajaona mtu. Alikuwa anapanda kilima cha kanisa hapo Tawa, mkoba begani, vumbi la safari ya Nairobi limemjaa mpaka kwenye nyusi, aliposikia sauti za akina mama na majembe yakitua kwa pamoja. Akafurahi. Tangu aje Tawa kufanya utafiti wa shahada yake ya uzamili, alikuwa amezoea kuwapita akina mama wa mwethya wakichimbiana matuta kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na kila mara wimbo wao ulimtia nguvu. Furaha hiyo ilidumu kama hatua ishirini, mpaka alipofika juu na kuona wanachokichimba.

Walikuwa wanachimba utafiti wake.

Waruguru alikuwa akisomea sayansi ya maliasili, na swali lake lilikuwa jepesi kuuliza: mvua ikinyesha kwenye mteremko, inaondoka na udongo kiasi gani, na matuta yanazuia kiasi gani? Kanisa lilimwazima mteremko wa nyuma. Akapima vipande viwili sawasawa, kila kimoja hatua mbili kwa upana na kumi na mbili kwa urefu, akavizungushia mabati yaliyochomekwa wima ardhini, na chini ya kila kimoja akafukia pipa la kukinga maji na matope. Kipande cha kwanza alikichimba tuta. Cha pili kilitakiwa kibaki kama kilivyo, kisiguswe hata kwa kijiti. Msimu mmoja alikuwa ameshaupima. Ulibaki mmoja, huu wa mvua za Novemba, na ufadhili wake ulikuwa unaisha Desemba. Mvua hii ikimpita, shahada nayo imempita.

Sasa kipande cha pili kilikuwa na matuta mawili safi, yenye kingo zilizopigwa zikanyooka. Hata mabati yalikuwa yameng'olewa kwa heshima na kuegemezwa ukutani mwa kanisa yasije yakapindika.

Mbinya, mwenyekiti wa kikundi, alimwona wa kwanza. Alikuwa mama wa makamo, mrefu, mwenye mikono ambayo wanaume wengi wa Tawa hawakupenda kushindana nayo. Akaweka jembe chini, akaja akamshika Waruguru mabega yote mawili.

"Mwiitu," alisema, kama anavyowaita binti zake mwenyewe, "tuliona hii yako ingine imebaki hivyo tu. Tukasema huyu mtoto alichoka, na hana watu hapa. Sasa umepata watu."

Waruguru akalia. Alijaribu kujizuia akashindwa, machozi yakachora mifereji kwenye vumbi la uso. Akina mama walipoona mgeni wao ameguswa kiasi hicho, walipiga vigelegele mpaka mbuzi wa mchungaji wakakimbia. Wakamketisha, wakampa sahani ya muthokoi, na mmoja akamvua viatu ili miguu ipumzike. Hakuwa na moyo wa kusema lolote. Alikula muthokoi wote, ukawa mtamu, na hilo lilimuudhi zaidi.

Kosa lilikuwa lake, na alilijua. Alikuwa ameeleza kila kitu kwenye baraza la chifu, vipande, mapipa na yote, kwa Kikamba alichokulia nacho Emali kwenye duka la baba yake. Wazee waliitikia kwa vichwa. Ila waliokuwa barazani siku hiyo ni wanaume, na akina mama walikuwa shambani na majembe yao. Msomi mzima, mwenye digrii moja na anayetafuta ya pili, alikuwa amekwenda kueleza habari za matuta kwa watu wasiochimba matuta.

Asubuhi iliyofuata alimpigia simu msimamizi wake, Daktari Thuo, kutoka posta. Thuo akasema udongo uliokwisha kufukuliwa haurudi kuwa vile ulivyokuwa. Atafute mahali pengine penye mteremko uleule, udongo uleule, na ambapo hapajawahi kuchimbwa tuta. Apate kabla ya mvua. Asipopata, mwaka huu umekwisha, na kwake mwaka mwingine haukuwepo.

Waruguru alitoka posta akatazama vilima vya Tawa vyote kwa zamu. Kila kimoja kilikuwa na ngazi kutoka chini mpaka juu. Kwa miaka mingi mwethya ilikuwa imezunguka ikichimba mitaro na kutupa udongo upande wa juu, fanya juu, fanya juu, na haikuacha kitu. Alijikuta anawaonea fahari na huku anatamani wangekuwa wavivu kidogo.

Hapo ndipo alipokwenda kwa Mbinya akamweleza ukweli wote. Mbinya alisikiliza akiwa anapepeta pojo, na kadiri maneno yalivyoendelea ndivyo ungo ulivyopunguza mwendo, hadi ukasimama.

"Kwa nini hukutuambia sisi?" aliuliza.

Waruguru akasema aliwaambia wazee. Mbinya akamwangalia kwa huruma ile ambayo mtu humpa mtoto aliyevaa viatu kinyume. Kisha akaita wenzake watatu waliokuwa jirani. Swali lilipoulizwa, ni nani Tawa nzima hajawahi kuchimba tuta hata moja, wote wanne walitazamana, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitaja jina.

Lilikuwa jina la Mwangangi. Alikuwa mzee aliyefiwa na mkewe, wa miaka hamsini na kitu, mwenye redio nzuri na kiti kizuri, na shamba alilorithi kwa baba yake kwenye mteremko wa pili tu kutoka kanisani. Hakuwahi kwenda mwethya ya mtu, kwa hiyo mwethya haikuwahi kwenda kwake. Ukimuuliza, alikuambia kwamba Mungu angetaka kilima kiwe na ngazi angekiumba nazo. Wake za watu walimtumia kuwatishia waume zao wavivu.

Walimkuta kwenye kiti, redio ikisoma taarifa ya habari. Mwangangi alipoona Mbinya anaingia uani mwake alisimama kama aliyefumaniwa, maana alijua amekuja kusutwa tena. Waruguru akamtoa wasiwasi. Alisema amekuja kumwomba asifanye kitu. Asichimbe, asiguse, shamba libaki jinsi lilivyo mpaka mwisho wa mwaka, na likibaki hivyo litamsaidia kupata shahada.

Mwangangi alizima redio. Hakuna mtu aliyewahi kumwomba kile alichokuwa nacho kwa wingi. Aliingia ndani, akatoka amevaa koti, akakubali, kwa sharti moja tu: jina lake liandikwe kwenye kile kitabu cha chuo, vizuri, herufi zote. Mbinya alikohoa akatazama kando.

Siku mbili baadaye, Waruguru alipokwisha kupima mteremko na udongo na kuvikuta ni vilevile, akina mama wote waliingia kwa Mwangangi na lile pipa na mabati yaliyong'olewa, kukizungushia kipande kipya kitakacholinganishwa na kile cha kanisani chenye tuta lake. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya vilima vya Mbooni tangu asubuhi. Walifanya kazi bila wimbo, kwa haraka, na kicheko kiliwaponyoka kila mara: miaka yote walikataa kuchimba kwa Mwangangi, leo wamekuja na nguvu zote kuhakikisha hakuchimbwi. Bati la mwisho lilipigwa saa sita. Saa nane mvua ikaja, nzito, kwa muda wa saa nzima, na Waruguru alisimama ndani yake akilowa na kucheka peke yake kama mwendawazimu, kwa sababu mapipa yote mawili, la hapa na la kanisani, yalikuwa yanapokea.

Maji yalipotulia aliyamwaga taratibu, akachota kilichobaki chini. Pipa la kanisani lilitoa udongo usiojaa mkebe mmoja wa mafuta ya Kasuku. La Mwangangi lilijaza karai moja, likajaza la pili, na bado alikuwa anakwangua.

Mwangangi alikuja na koti lake kuona sifa zake zimefikia wapi. Akainama juu ya makarai. Akatia kidole.

"Hii imetoka kwa hii kamstari peke yake? Leo?"

Waruguru akasema ndiyo. Mzee akaanza kutembea kwa kukata shamba, hatua mbili mbili, akihesabu vipande vya ukubwa ule. Alipofika arobaini na saba alisimama, akatazama bonde kule chini maji mekundu yalikokuwa yakienda.

"Hii ilikuwa mchanga ya baba yangu," alisema.

Kesho yake alfajiri alifika kwenye mwethya na jembe, bila koti. Mbinya alimwambia kanuni ni ileile, atachimba kwa wengine kwanza, naye akachimba kwa wengine wiki tatu, mikono ikatoka malengelenge, hakulalamika isipokuwa kidogo. Wiki ya nne zamu ikamfikia. Wimbo uliimbwa kwa Mwangangi kwa mara ya kwanza, na shamba zima likapata ngazi, isipokuwa hatua mbili kwa kumi na mbili zilizozungushiwa mabati, ambazo Waruguru aliwasihi waziache na Mbinya mwenyewe akazisimamia na jembe mkononi asije mtu akasahau.

Mvua haikuacha. Kila iliponyesha, Mwangangi alishuka kusimama kando ya pipa wakati Waruguru akichota, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetazama jino lake likitolewa. Siku ile ya karai la tisa hakuvumilia tena.

"Masomo yako inaisha lini?"

"Desemba, mzee."

Alitazama karai, akatazama wingu jingine lililokuwa linapanda, akamshika Waruguru mkono.

"Basi mwiitu," alisema, "soma haraka."