Nyumba Iliyopewa Mwaka

Jumanne moja ya mwezi wa tano, Darlene Brandvold alikuwa jikoni akikanda viazi vilivyopondwa pamoja na unga, ili apike lefse, zile chapati nyembamba za Kinorwe ambazo kila mke wa Mlutheri katika Kaunti ya Nordahl huzipika apende asipende, wakati friji yake ilipogeuka kuwa sanduku la barafu. Iligeuka bila kelele. Maziwa yalibaki maziwa, ila sasa yalikuwa kwenye kopo la bati. Darlene alifuta mikono, akafungua kuangalia, akaona bonge la barafu limekaa vizuri mahali pake, akafunga na kurudi kwenye unga wake.

Alikuwa amelitarajia. Nyumba ilikuwa imepewa mwaka. Katika kaunti ile, jengo la kale likishakubaliwa kulindwa, Kamati ya Majengo hulichagulia mwaka wake, na kuanzia hapo mwenye jengo haruhusiwi kulifanya lionekane jipya kuliko mwaka huo. Kanisa lilipewa 1884. Banda la duara la akina Fossum, lililo katikati ya mahindi, lilipewa 1912. Nyumba ya Brandvold ilipewa 1909, kwa kuwa ndio mwaka mzee Halvor Brandvold alipojenga ile veranda ya nguzo nyeupe ambayo watu wa kaunti tatu huja kupigia picha za harusi. Hakuna aliyefikiria jambo lingine lolote la mwaka ule. Walitazama veranda, wakapiga kura, wakala keki.

Majengo mengi hayajui kuwa yamepewa mwaka, na wenye nyumba hutoka jasho kutafuta mafundi. Nyumba ya Brandvold ilikuwa tiifu. Tangu Duane Fossum, seremala mstaafu na mjumbe wa kamati, apigilie kibao cha shaba kando ya mlango, ilianza kurudi nyuma yenyewe. Kapeti ziliondoka. Karatasi za maua zikaota ukutani. Bomba la jikoni likawa pampu ya mkono. Darlene akihamisha kiti jioni, asubuhi alikikuta kimerudi kilipokaa mwaka 1909. Duane alikuja kuona, akazunguka vyumba vyote kofia mkononi, kisha akasema, "Hii ni tofauti kidogo." Watu wa kule hawana neno kali kuliko hilo.

Marlys, mwenyekiti wa kamati, alifurahi zaidi ya wote. Alikuwa dada wa marehemu Lowell, mume wa Darlene, na mjukuu wa Halvor, na alikuwa na lile shungi jeupe la nywele juu ya paji la uso ambalo akina Brandvold wote huzaliwa nalo na kujivunia kama wengine wanavyojivunia ng'ombe.

"Umeona, wifi?" alisema. "Nyumba yenyewe inajua asili yake. Wewe usiguse kitu tu."

Darlene alizoea kutoguswa na kutogusa. Alitoka kaunti ya jirani, kwa Wakatoliki, na kwa miaka arobaini ukoo ule ulimwita mke wa Lowell, hata mbele yake, hata siku ya kumzika Lowell. Kwenye mikusanyiko ya veranda alikalia ngazi.

Siku ile ya lefse, alipokuwa akigeuza chapati ya mwisho, alisikia mtu akigonga juu. Alipanda. Mwisho wa ukumbi palikuwa na kabati ambamo Lowell aliweka mapambo ya Krismasi. Sasa palikuwa na mlango mzito wenye kufuli la chuma, na kugonga kulitoka ndani.

"Nani?" Darlene aliuliza.

"Ragnhild. Wewe ndiye mama mwenye nyumba?"

Sauti ilisema Kinorwe, lugha ambayo Darlene hakuijua, naye akaielewa, kwa kuwa mwaka ule kila mtu katika nyumba ile aliielewa.

"Hapana. Mimi ni mke wa Lowell."

"Lowell ndiye nani?"

Darlene alifikiri kidogo. "Hajazaliwa," alisema.

"Basi mama, una chakula? Tangu jana sijatia kitu tumboni, na tumbo hili si la mtu mmoja."

Chini ya mlango palikuwa na upenyo wa kupitisha kidole. Darlene alishuka, akapaka siagi na sukari kwenye chapati, akaikunja, akaisukuma kwa chini. Ikapita. Kuanzia hapo alipika lefse kila siku, maana hakuna chakula kingine katika kaunti nzima ambacho kingepita pale.

Wakala na kuongea, mmoja huku, mmoja kule, na Ragnhild akamweleza yake bila kulia. Alikuja kutoka Norwe kufanya kazi za nyumbani. Halvor akamwingilia, si mara moja. Alipoona ujauzito umeonekana, Ragnhild alisimama kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, wakiwa wanashona, akamtaja aliyempa mimba. Akina mama walimaliza mstari waliokuwa wakiushona. Jioni ile Bi Inga, mke wa Halvor, alimpeleka juu akamfungia.

"Anasema nitatoka nikishajifungua," Ragnhild alisema. "Na yeye kila Jumapili anafunga mto chini ya gauni, anaenda kanisani kupongezwa. Nimeuona huo mto, mama. Ndio wa kiti chake cha veranda. Una maua ya waridi."

Darlene alihisi roho inamchoma. Sebuleni palining'inia picha ya Bi Inga wa 1909, amekaa verandani, mkono juu ya tumbo, uso umejaa fahari. Mtoto wa tumbo lile alikuwa baba yake Lowell na Marlys. Na nyuma ya kanisa, nje ya uzio, palikuwa na jiwe dogo lililoandikwa Mtumishi, 1910.

"Nikishajifungua itakuwaje?" Ragnhild aliuliza. "Wewe unaonekana mtu wa kujua."

"Kula, mwanangu," Darlene alisema.

Kesho yake alichukua shoka la Lowell, akapiga moyo konde, akauvunja mlango. Ragnhild alitoka, mrefu, mguu peku, tumbo mbele, na juu ya paji lake la uso shungi jeupe. Darlene alilitazama sana. Halvor kwenye picha zake zote alikuwa na nywele nyeusi tii, na Bi Inga pia. Walishuka jikoni, wakanywa kahawa kwa vikombe, wakatembea pamoja hadi kwenye sanduku la barua kando ya barabara, na Ragnhild akacheka alipoona trekta. Asubuhi mlango ulikuwa mzima, na yeye yumo nyuma yake.

"Shoka ni lako, ila mlango ni wa Bi Inga," alisema kwa ndani. "Huu unafunguka kwa funguo zake tu, na ukifunguka kwa hizo hautajifunga tena. Anazibeba kwenye mfuko wa aproni. Zinalia akitembea."

Darlene alitafuta funguo nyumba nzima, mpaka ndani ya jiko la kuni. Hazikuwepo. Ndipo akapata wazo ambalo hata mtoto angelipata: mwaka urudishwe nyuma kwa mmoja.

"Mwaka 1908 ulikuwa wapi?" alimuuliza.

"Kwetu. Nachunga mbuzi wa mjomba, naimba vibaya."

"Basi nitakurudisha kwa mbuzi wako."

"Kweli, mama?"

"Kweli."

Kamati ilikutana verandani wiki iliyofuata, ikiwa na sinia la keki za ufuta na birika la kahawa hafifu. Darlene alisimama chini, kwenye ngazi zake, akaomba nyumba ipewe 1908. Akaeleza yote, pamoja na mto. Hakuna aliyemkatiza. Kule hawakatizani. Wakaomba kusikia, wakapanda juu mmoja mmoja, wakasimama mbele ya mlango. Duane akapima kufuli kwa futi yake. Ragnhild alisikia viatu vingi, akagonga.

"Naombeni mnifungulie," alisema. "Msiponionea huruma mimi, mwoneeni mtoto."

Wakamsikiliza mpaka akamaliza, wakashuka.

"Inasikitisha," alisema Duane. "Inasikitisha kwelikweli. Kufuli lile ni la asili."

"Lakini 1908 veranda haipo," alisema mjumbe mwingine. "Palikuwa na mbao tatu za kukanyagia, basi."

"Harusi ya binti yangu ni mwezi wa nane," alisema wa tatu, akaona haya, akaangalia mahindi.

Marlys alisema anayetaka kubadilisha mwaka ainue mkono. Hakuinua mtu. Hakuuliza nani anapinga, ili pasiwe na aliyepinga. "Basi tumekubaliana," alisema, na wote wakageukia sinia, ambamo kilibaki kipande kimoja. Kwao kula kipande cha mwisho ni ukosefu wa adabu, kwa hiyo mmoja alikikata nusu, wa pili akakata nusu ya nusu, na waliendelea hivyo mpaka ukabaki ufuta. Kwa mtu aliyefungiwa juu hawakuwa na adabu ya kiasi hicho.

Darlene alimfuata Marlys jikoni.

"Yule ni bibi yako," alisema. "Nimeliona shungi lake."

Marlys alikuwa akiosha kikombe. "Nimejua tangu nina miaka kumi, wifi. Baba alijua pia. Hata Lowell."

"Lowell?"

"Wewe ulidhani mapambo ya Krismasi yanahitaji kabati lile lote? Alikuwa anaziba mlango." Alikausha kikombe, akakirudisha mahali pake pa 1909. "Sasa unataka nini? Niwaambie watu mimi ni mjukuu wa kijakazi? Amekufa, amezikwa, ana jiwe. Ni nani anaumia?"

"Yeye."

"Mh," alisema Marlys. Kisha akamtazama wifi yake kwa muda, kama mtu anayechagua kitambaa dukani, na sauti ikalainika. "Darlene, hivi kwa nini siku zote unakaa kwenye ngazi? Mtu mzima, na nyonga zako hizo. Njoo."

Alimshika mkono mpaka verandani, penye kiti cha kubembea cha Bi Inga, ambacho tangu Bi Inga mwenyewe hakikukaliwa na mtu asiye damu ya Brandvold. "Kaa. Kiti hiki kinataka mwenye nyumba. Msimu huu wageni watakuja, nani atawapokea kama si wewe?" Kilikuwa kilemba cha ukoka, na Darlene alikijua ni cha ukoka. Alikaa. Kiti kilimwenea. Duane alivua kofia. Marlys akauweka sawa mto nyuma ya mgongo wake, mto wa maua ya waridi, na mtu mmoja akawapiga picha. Darlene aliona aibu, na chini ya aibu, raha, na raha ndiyo iliyobaki alipokwenda kulala.

Kesho yake, siku ya kufungua nyumba kwa wageni, alivaa gauni refu na aproni nyeupe. Alipoingiza mkono mfukoni atafute leso, akakuta funguo, nyingi, za chuma, kwenye pete moja. Hakuziweka yeye. Alizitambua, kama alivyolitambua sanduku la barafu.

Alipanda ngazi akiwa na nia ya kufungua. Hilo ni haki yake lisemwe. Alikuwa na chapati mkononi, na alishafika mbele ya mlango, alishachagua ufunguo, wakati sauti ya Marlys ilipopanda kutoka chini mbele ya watu wote.

"Mama mwenye nyumba! Uko wapi? Wageni wako wanakuulizia!"

Hakuwahi kuitwa hivyo. Alisimama. Alimfikiria Ragnhild akishuka ngazi zile, na tumbo, na shungi, katikati ya wageni na maji baridi ya limau. Alikifikiria kiti.

"Mama?" Ragnhild alisema kwa ndani. "Ni wewe? Kamati wamesemaje?"

"Wanalifikiria," alisema Darlene.

"Wamenihurumia?"

"Sana."

"Nasikia funguo, mama."

Darlene alikuwa amezirudisha mfukoni. Alizishika zote kwa kiganja, akazibana zisilie.

"Ni vijiko," alisema. "Leo nina wageni."

Aliisukuma chapati chini ya mlango, yenye siagi na sukari ya kutosha, akashuka taratibu, mkono mfukoni. Verandani walikuwa wamemwekea kiti chake. Mgeni mmoja, bibi wa makamo kutoka mjini, aliuliza ni nani anayegonga juu. Darlene alikaa, akajiegemeza kwenye mto, akanyoosha aproni juu ya magoti, akamjibu kwamba nyumba za mwaka ule zote hugonga hivyo.